Sare ya Jenerali na Mkunga

Majenerali wengi wamepata kuzaliwa duniani, lakini ni mmoja tu aliyepanga vita kwa chaki ya fundi juu ya suruali ya mteja!

Huyo ndiye Jenerali wetu. Cheo chenyewe hakupewa na jeshi lolote. Alijivika mwenyewe, Jumatatu moja, baada ya kushinda michezo mitatu ya chesi mfululizo, na kwa kuwa alikuwa fundi cherehani, uzi wa kukishonea cheo kikakaa haukumpa taabu. Tangu siku hiyo ukimwita "fundi", anaitika kwa kuchelewa, kama mtu aliyeitwa kutoka ng'ambo ya mto.

Dukani kwake kulikuwa na cherehani mbili, pasi moja, kioo kirefu chenye ufa, na meza ya kukatia. Nusu ya meza ilikuwa ya vitambaa. Nusu nyingine ilikuwa uwanja wa vita, ambapo vifungo vya shati vilikuwa askari, vifungo vya koti wafalme na malkia, na bobini zikasimama kama ngome. Mteja akija kuulizia sketi yake aliambiwa, "Subiri kidogo dada, mfalme yuko matatani."

Wiki moja ikawa balaa kabisa. Karani mmoja wa mahakama alikuja kuchukua suruali yake, akaifungua, akaikunja, akaifungua tena.

"Fundi, hii suruali..."

"Jenerali."

"Haya, Jenerali. Hii suruali nilileta nyeusi tupu. Mbona ina miraba?"

"Hiyo siyo miraba, ndugu yangu. Hiyo ni hatua ya kumi na saba. Inafutika kwa brashi. Lakini itazame vizuri kabla hujaifuta, maana Jumamosi watu watakuomba uwasimulie. Mkunga anafia hapa, kwenye goti la kushoto!"

Karani aliivaa hivyohivyo, maana kesi yake ya saa nne haikusubiri brashi.

Sasa, huyu Mkunga anayefia kwenye goti la watu ni nani? Alikuwa mkunga kweli, wa zahanati ya pale mtaani, mama wa makamo, mwenye viatu vyeupe visivyotoa mlio. Nusu ya watoto wa mtaa walipokelewa na mikono yake, wakiwemo wawili wa Jenerali. Tena yasemekana kwamba siku alipozaliwa yule wa kwanza, Jenerali alianguka puu kwenye korido, Mkunga akawa na wagonjwa watatu wa kuhudumia badala ya wawili. Jenerali hukanusha. Anasema aliinama kuokota sindano.

Wote wawili walikuwa wanachama wa klabu ya chesi iliyokutana kila Jumamosi alasiri, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la rangi na misumari. Ilikuwa klabu ya wachezaji kumi na wanne na meza saba za plastiki. Seti moja ya kete ilipoteza farasi mmoja, nafasi yake ikashikwa na kifuniko cha chupa ya dawa ya kikohozi. Kilitolewa na katibu wa klabu, ambaye kazi yake ni mfamasia, mtu anayenong'ona hata akikusalimia, kana kwamba salamu yenyewe ni ugonjwa wa siri.

Mashindano ya vilabu yalikuwa yakikaribia. Klabu ilitaka mtu wa kukaa meza ya kwanza, yaani kiongozi wa timu, yule anayepigwa picha akiwa katikati. Jenerali na Mkunga walilingana pointi. Katibu akanong'ona kwamba wawili hao wacheze mchezo mmoja, mbele ya watu, jambo likaisha.

Kwa Jenerali jambo lenyewe lilikuwa kubwa kuliko picha, kwa sababu mama mkwe wake alikuwa amekuja kuwatembelea kwa wiki mbili.

Mama mkwe alikuwa mwanamke mpole, asiye na neno baya kwa mtu. Ila zamani, kabla ya posa ya Jenerali, kulikuwa na kijana mwingine aliyekuwa akimtaka binti yake, injinia wa madaraja. Mama hakupata kulalamika hata siku moja. Lakini hadi leo, gari likipita juu ya daraja lolote, huvuta pumzi ndefu na kutazama dirishani. Kwa miaka kumi Jenerali alikuwa akishindana na madaraja.

"Mama," alisema mezani, wakati wa kula, "Jumamosi nakuomba uje klabu. Nitamfunga yule Mkunga ndani ya hatua ishirini. Labda kumi na tisa, kutegemea joto."

"Ukifungwa je?" mke wake akauliza, huku akipakua.

"Mimi?"

Jenerali alicheka mpaka maji yakapita njia isiyo yao. Ilibidi apigwe mgongoni.

"Nitakuja, mkwe wangu," mama mkwe akasema. "Lakini nifundishe japo kidogo, nisije nikakaa pale kama mzigo uliosahauliwa stendi."

Basi Jenerali akamwaga vifungo mezani, akaanza somo. Ngome inakwenda moja kwa moja. Askofu anakata mshazari. Farasi anaruka. Mfalme akitazamwa na kete ya adui, hiyo ndiyo cheki, na lazima umwokoe kwanza kabla ya jambo jingine lolote. Mama mkwe alisikiliza, akauliza maswali mawili, akashukuru, akaenda kuosha vyombo.

Jumamosi ikafika!

Jenerali alipanda ngazi za klabu akiwa na koti alilojishonea mwenyewe, jekundu kama moto, lenye vifungo kumi na viwili rangi ya dhahabu. Nyuma yake walifuata mke wake na mama mkwe, na nyuma yao wateja wanne ambao nguo zao hazikuwa tayari, kwa hiyo walifikiri ni heri wamfuate fundi popote aendapo. Yule karani wa mahakama naye alikuwepo. Amevaa suruali nyingine.

Mkunga alikuwa ameshaketi. Alikuwa ametoka zamu, bado na sare yake ya kazi, na chupa ya chai pembeni.

"Hujambo, Jenerali?"

"Sijambo, Mkunga. Pole mapema."

"Asante. Na wewe ukijisikia kizunguzungu, niambie. Nimekuja na maji."

Watu wakacheka. Jenerali akajifanya anakaza kifungo.

Meza nyingine zote zilikuwa na watu, hivyo wao wakaangukia ile seti ya kifuniko. Katibu akainama kati yao, akanong'ona, "Kila mmoja ana saa moja. Muda ukiisha, umefungwa. Msiguse kete bila sababu. Anzeni." Alisema hayo kama anayewaambia wanywe dawa baada ya chakula.

Jenerali alikuwa mchezaji wa mbwembwe. Kete yake hakuisogeza tu. Aliinyanyua hadi usawa wa kidevu, akaizungusha hewani kama tai anayetafuta kifaranga, kisha akaishusha na kuikaza ubaoni kama skrubu. Mkunga yeye aliweka kete zake taratibu, kwa mikono miwili, kana kwamba zimelala na hataki ziamke.

Mapema kabisa Mkunga alimtoa askofu wake mmoja, akampeleka kando, ukingoni mwa ubao, akamwacha huko. Jenerali akamtazama huyo askofu mara moja, akatabasamu. "Amestaafu," akawaza.

Hadi hatua ya nane, kila kitu kilikwenda kama kilivyochorwa kwenye suruali. Hatua ya tisa, Mkunga akafanya jambo ambalo kwenye suruali halikuwepo kabisa.

Jenerali akajikuna shingo. Akamtafuta karani kwa macho, labda angalau anakumbuka goti la kulia lilisemaje. Karani akatikisa kichwa kwa masikitiko. Alikwisha kuifua.

Kuanzia hapo Jenerali alipigana kwa akili yake mwenyewe, na ile haikuwa silaha aliyoizoea. Lakini bahati nayo ina siku zake. Hatua ya kumi na tisa, aligundua kwamba farasi wake aliyesimama katikati ya ubao anaweza kuruka na kuinyakua ngome ya Mkunga. Bure! Kiulaini!

Farasi mwenyewe alikuwa ni kile kifuniko cha dawa ya kikohozi.

Jenerali akakinyanyua juu, juu kabisa, ili mama mkwe akione kutoka kiti cha nyuma. Akakishusha kwa kishindo.

"Ngome imekwenda na maji!"

Kishindo kilikuwa kikubwa mno. Kifuniko kikadunda, kikaruka ukingo wa meza, kikabiringika sakafuni kri-kri-kri, kikapotelea chini ya viti. Klabu nzima ikapiga magoti. Wateja wakapiga magoti. Mkunga akapiga magoti upande mmoja, Jenerali upande wa pili na koti lake la vifungo kumi na viwili, vichwa vikagongana. Mwisho kilipatikana ndani ya kiatu cha karani.

Kikarudishwa mahali pake, ngome ikaondolewa, watu wakajipangusa magoti na saa ikaendelea kutembea. Kila mtu alikuwa anahema. Hakuna aliyeutazama ubao kwa makini, na hili likumbukwe kwa upole, maana hata mimi ninayesimulia ningekuwa pale ningekuwa natafuta kifuniko.

Jenerali alikuwa mbele kwa ngome nzima! Mtu mwingine angetulia. Lakini Mkunga hakuwa mtu wa kutishika kwa kelele, kelele ndiyo kazi yake ya kila siku. Alimtoa malkia wake akaanza kuzunguka naye. Akala askari mmoja. Akala wa pili. Hatua ya ishirini na sita akala wa tatu, akanywa chai.

Ndani ya lile koti jekundu, hali ilikuwa mbaya. Jasho lilikuwa limeanzia kwenye kola na lilikuwa njiani kuelekea kwenye soksi. Kila Jenerali alipotazama, malkia wa Mkunga alikuwa amesogea karibu zaidi, na kila aliposogea, Jenerali aliona njia mpya ya kufa. Aliziona tatu. Kisha tano.

Nyuma yake akasikia mama mkwe akivuta pumzi ndefu. Chumba kile hakikuwa na daraja!

Saa yake ilibaki na dakika mbili. Hatua ya thelathini na moja. Jenerali akakohoa.

"Mkunga..."

"Jenerali..."

Walisema kwa pamoja.

"Anza wewe," akasema Jenerali.

"Hapana, anza wewe baba, wewe ndiye mkubwa wa jeshi."

"Nilikuwa nafikiri tu... kwa ajili ya umoja wa klabu..."

"Hata mimi umoja wa klabu ndio ulionijia."

"Sare?"

"Sare!"

Walishikana mikono kwa haraka kiasi kwamba malkia wawili walianguka kifudifudi. Wakatia saini karatasi walizoandikia hatua zao, na katibu akaandika matokeo kwenye ubao wa ukutani.

"Wametoka sare," mke akamwambia mama yake.

"Sare gani, mwanangu? Za shule?"

"Hapana mama, hakuna aliyeshinda." Akamgeukia mume wake, macho yakicheka. "Wiki nzima unatangaza unakwenda kumfunga mtu, unarudi na sare. Kweli fundi ni fundi tu!"

Chumba kikaangua kicheko.

Na hapo ndipo mtu mwenye busara angechukua koti lake akarudi nyumbani. Sare si aibu. Meza ingeamuliwa siku nyingine, na mama mkwe angelala akiamini amemwona shujaa. Lakini kile kicheko kilimchoma Jenerali pale pasipo na kifungo.

"Sare yenyewe nimempa!" akasema kwa sauti. "Nimemhurumia, mama wa watu katoka zamu. Mnadhani natania? Sogeeni! Nipeni karatasi ya hatua zote, niwaonyeshe vita vilivyokuwa."

"Jenerali, acha," Mkunga akasema. "Twende zetu nyumbani."

"Unaogopa wasione?"

Mkunga akaketi. Jenerali akapanga upya kete, akaanza kuhutubia. Hatua ya kwanza ilikuwa na maelezo marefu kuliko khutba. Ya sita aliieleza akiwa amesimama juu ya kiti. Alipofika ya kumi na tisa alikishika kifuniko kwa vidole viwili, akashusha sauti.

"Hapa sasa. Mtu wa kawaida, hapa angeogopa. Mimi nikasema, farasi, ruka!" Akakiweka, safari hii polepole, kisibiringike. "Huu ndio mruko ambao wajukuu wenu watausoma."

Watu wakasogea karibu na ubao. Halafu ikasikika sauti ndogo kutoka pembeni ya meza.

"Samahani, mkwe wangu," akasema mama mkwe. "Mimi ni mgeni wa mambo haya."

"Uliza tu mama, usiogope."

"Huyu aliye huku ukingoni, si ndiye yule anayekata mshazari?"

"Ndiye, mama. Huyo ni askofu wa Mkunga. Lakini huyo amestaafu."

"Amestaafu. Na macho nayo yamestaafu?"

"Mama?"

"Maana farasi alikuwa amesimama hapa katikati, amemkinga mfalme wako. Sasa karuka. Simwoni mtu mwingine hapa njiani. Au nimekosea, mwanangu?"

Jenerali alifungua mdomo kutabasamu. Tabasamu likakwama nusu.

Katibu akainama. Kidole chake kikaanza safari kutoka kwa yule askofu, mshazari, polepole. Mraba wa kwanza, mtupu. Wa pili, mtupu. Wa tatu, hapo ndipo farasi alipokuwa, sasa mtupu. Wa nne, mtupu. Wa tano, mtupu. Wa sita, kidole kikagonga mfalme wa Jenerali, tok!

"Cheki!" katibu akapiga kelele. Miaka tisa ya klabu, ilikuwa mara ya kwanza watu kuisikia sauti yake halisi. "Farasi hakuruhusiwa kuruka! Mfalme yuko kwenye cheki tangu hatua ya kumi na tisa!" Akapekua karatasi haraka haraka. "Askofu hakuondoka. Mfalme hakuondoka. Hakuna aliyepita katikati. Mpaka mwisho. Hatua kumi na mbili! Mfalme amesimama mbele ya bunduki hatua kumi na mbili, na mwenye mfalme hajui, na mwenye bunduki naye hajui!"

Macho yote yakamhamia Mkunga.

"Na wewe je?" karani akauliza, kwa sauti ya mahakamani. "Hukuona?"

Mkunga alikuwa ameshika shavu. "Nilimsahau," akasema, akimtazama askofu wake kama mtu aliyekuta miwani yake usoni. "Wallahi nilisahau kama ninaye. Tangu ngome iende, kazi yangu ilikuwa kusali tu Jenerali asinimalize."

"Nisikumalize?" Jenerali akaropoka. "Mimi ndiye niliyekuwa nasali wewe usinimalize!"

Wakatazamana. Mkunga ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha tumboni, mpaka chupa ya chai ikaanguka. Mke wa Jenerali akafuata, akajifuta machozi kwa upindo wa koti la mume wake. Jenerali alijaribu kukaza uso, ukamgomea, naye akacheka. Alicheka kwa unyonge, lakini alicheka. Wa mwisho kucheka alikuwa mama mkwe, ambaye hadi hapo alidhani amewaudhi watu.

"Kwa hiyo nilikuwa sahihi?" akauliza.

"Mama, ulikuwa sahihi peke yako," akasema Mkunga.

Katibu akarudia kunong'ona. Alisema sare imetiwa saini, na saini haifutiki. Lakini kuhusu meza ya kwanza, hiyo itabaki wazi kwanza. Wachezaji wote wawili wahudhurie darasa la wanaoanza, kila Jumamosi saa nane mchana, kwa wiki sita.

"Dozi nzima," akaongeza. "Msiikatishe mkijisikia nafuu."

Jumamosi iliyofuata Jenerali alipanda ngazi akiwa na shati jeupe la kawaida. Darasani walikuwepo mstaafu wa posta, mabinti wawili wa sekondari, muuza magazeti na Mkunga. Kulikuwa pia na mama mkwe, aliyekuwa ameongeza wiki mbili za kukaa kwa binti yake, na sababu aliyotoa ni kwamba mchezo umemwingia.

Katibu akawagawa wawili wawili. Mkunga akapewa mstaafu wa posta. Jenerali akajikuta ameketi mbele ya mama wa mke wake.

"Nichezee polepole, mkwe wangu," mama akasema. "Mimi bado mgeni."

Moyo wa Jenerali ukafufuka. Akavuta kiti. Akakunja mikono ya shati. Akanyanyua kete ya kwanza hadi usawa wa kidevu.

"Usijali kabisa, mama," akasema, kwa sauti ya kutosha darasa zima. "Nitakuhurumia. Ukiona umekwama, niulize. Na usione haya, hata sisi wakubwa tulianza hivihivi."

"Asante, baba."

Wakacheza. Jenerali alitoa maelezo kila hatua, akawaita mabinti wa sekondari waje wajifunze, akamkosoa mstaafu wa posta aliyekuwa meza ya pili. Hatua ya kumi na moja, mama mkwe alisogeza kete moja kwa ncha ya kidole, akarudisha mikono yake mapajani.

"Cheki," akasema kwa adabu.

Jenerali akautazama ubao kuanzia juu. Akautazama kuanzia chini. Akamchunguza malkia, akawahesabu askari wake mmoja baada ya mwingine, akainama akatazama hata chini ya meza.

"Wapi?" akauliza.